Viatu Visivyokanyaga Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nlichekwa mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa Ghala, kijiji cha huku nchi ya Waarabu, mwaka wa sitini na nne, huko huko ambako leo nyinyi vijana mnapeleka magari gereji. Wakati ule palikuwa na visima na mitende, na mtu akisikia mlio wa gari anatoka nje kulitazama. Nlikuwa nimetoka Unguja karibuni tu, baada ya yale yaliyotokea, mie na mke wangu Zuwena, na kazi nlokuwa naijua ni moja: kukwea minazi. Msimamizi wa shamba, tukimwita Wakil, alipata kuishi Pemba na Kiswahili chake kilikuwa safi. Akaniuliza, "Unajua kupanda?" Nikamjibu kwa kiburi, "Mie mkwezi, sheikh wangu. Nionyeshe mti tu."

Nikavua viatu, nikatoa kitanzi changu. Mkwezi wa minazi hufunga kamba fupi miguuni, akabana shina kwa nyayo, akajirusha juu kama chura. Kwenye mnazi kamba hiyo ndiyo roho yako. Kwenye mtende, lo! Shina lake limejaa vigutu vya makuti yaliyokatwa, vigumu na vikali. Nikaruka mara ya kwanza, nikaruka ya pili, kamba ikanasa kwenye kigutu. Nikabaki katikati nimeukumbatia mti, kupanda siwezi, kushuka siwezi. Chini alisimama Bidar Hamed. Bidar ndiye fundi wa mitende, anayeipandishia na kuisafisha na kukata tende zikiwiva, na pale Ghala yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu juu ya miti. Mzee mfupi, sauti yake ya kugomba. Kiswahili hakijui, na Kiarabu changu siku hizo kilikuwa cha chuoni tu, cha kusomea msahafu, lakini nlimfahamu vizuri sana alipomwambia Wakil, "Huyu kajifunga miguu mwenyewe kama mbuzi wa Idi. Tumchinje?"

Walipokwisha kucheka wakaniletea ngazi. Kisha, haki yake nimpe, Bidar Hamed akanifundisha habul. Habul ni mkanda mpana wa kamba unaozunguka shina na kiuno chako. Unaegemea nyuma, unakanyaga vigutu, unaurusha mkanda juu kidogo, unapanda. Mikono inabaki huru kufanya kazi. Mabidar wote walipanda peku, na nyayo zao zilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Mie sugu zangu zilikuwa pembeni mwa nyayo, mahala pa mnazi. Mtende unachoma katikati, pale penye upinde, napo pangu palikuwa laini kama pa mtoto.

Wiki ile ile miguu ikapasuka. Ilivimba, ikatoa usaha, nikawa natembea kwa visigino. Jioni Zuwena akinikanda kwa maji ya moto na chumvi, akinipaka samli, na asubuhi nakwenda kuichana tena. Wakil aliona. Akaniita pembeni, kwa upole, na upole ule ndio ulonitisha. "Msimu wa kupandishia unakaribia," akanambia. "Maua ya mtende dume yakitoka lazima yapachikwe kwenye jike siku zile zile, hayangoji mguu wa mtu upone. Ukishindwa kupanda, mie sina la kukufanyia. Wenzako wanakwenda Kuwait kubeba mizigo. Nawe nenda."

Nyinyi Kuwait mnakwenda asubuhi, usiku mmerudi. Wakati ule mtu akenda, mkewe hajui atamwona lini. Na Zuwena angebaki na nani? Kwenye chumba cha udongo, lugha hajui, jamaa hana. Nlipomweleza, akaondoka akenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nikaanza kutafuta viatu. Nlikwenda sokoni Matrah nikanunua raba za kitambaa. Asubuhi ya kwanza, shina lina umande, nikateleza nikabaki naning'inia kwenye habul. Tena soli yake nyembamba, kigutu kinapenya kama hakuna kitu. Nikenda kwa fundi mmoja Mbaluchi anayeshona makubadhi ya tairi. Yale madhubuti, hayaishi, lakini magumu kama ubao. Mguu haujui unakanyaga kigutu kizima au kibovu, na kibovu kikivunjika ndiyo umekwenda. Halafu ukanda wa juu ukanasa, kama kile kitanzi changu.

Lakini kubwa kuliko yote ni Bidar Hamed. Aliponiona na makubadhi juu ya mti alipiga ukelele shamba zima likasimama. "Aibu! Kiatu hicho kimetoka chooni, kimekanyaga mavi ya punda, nawe unakipeleka juu kwenye chakula cha watu? Shuka!" Kwao wale kiatu kilivuliwa chini ya mtende kama kinavyovuliwa mlangoni mwa msikiti. Wakil naye akakubaliana naye.

Nlirudi nyumbani nimefura. Nikamwambia Zuwena, "Basi. Kuwait."

Akaniuliza, "Kwani huyo mzee anachukia kiatu au anachukia uchafu?"

"Uchafu, nadhani."

"Basi kiatu kisichokanyaga chini kina uchafu gani?"

Mie nikaona anachekesha. Yeye alikuwa keshaanza kutafuta sindano.

Alinituma nikanunue ngozi ya mbuzi, laini. Kipimo akakichukua jioni, miguu imeshavimba kwa kazi, maana kiatu kilichopimwa asubuhi adhuhuri kinakubana. Mbele akapaacha papana vidole vipate kutanuka. Nlimwomba soli nene, akakataa: "Si umesema mguu lazima ujue unakanyaga nini?" Akaweka ngozi mbili chini, na kwenye upinde tu, pale panapobeba uzito, akatia kipande cha blanketi katikati. Upande wa ngozi wenye mkwaruzo akauweka nje ili ushike mti. Juu kikafunika vifundo, na gidamu zikafungwa nyuma, pasipo na kitu cha kunasa. Nikizivaa ngozi zile nahisi kama niko peku, ila siumii.

Asubuhi nikazibeba kichwani, zimefungwa ndani ya kanga. Nikatandika jamvi chini ya mtende mrefu, nikakaa, nikafuta miguu, nikazivaa, nikatoka kwenye jamvi kwenda shinani bila ya kugusa mchanga. Bidar Hamed akaja mbio. "Nini hizo?"

"Nguo za miguu, sheikh. Ardhi hazijaijua," nikamjibu kwa Kiarabu changu kibovu.

Nikapanda. Nlipandishia mtende ule mpaka shada la mwisho. Nliposhuka juu ya jamvi langu, Bidar alikuwa anapapasa shina kwa kiganja, anatafuta mahala nlipouchubua mti. Hakupata. Akanyoosha mkono, "Lete." Akageuza kiatu huku na huku, kisha, wallahi, akakinusa! Sasa Zuwena, mtoto wa Unguja, alikuwa amezifukiza udi usiku kucha kama nguo za harusi. Mzee akanusa tena. Akamwambia Wakil, "Hiki kinanukia kuliko kilemba changu." Wakil akacheka mpaka akakaa chini. Bidar yeye hakucheka. "Apande," alisema. "Lakini siku nikiziona zimekanyaga chini, anaondoka."

Hazikukanyaga. Nlimaliza msimu ule Ghala, na misimu mingine baadaye. Kisha nikapelekwa Qantab, mitende michache karibu na bahari, ambako chumvi hukausha ngozi usipoipaka samli, halafu Al Khuwair, wakati hakuna wizara wala ghorofa. Mwaka wa sabini, aliposhika Sultani mpya, mambo yakafunguka, nikaingia serikalini, nikawa mtu wa mezani, na humo ndimo nlimostaafia. Lakini mkinuliza kazi yangu ilikuwa nini, ntakwambieni mitende.

Nnawaona leo vijana wanaopanda mitende ya barabarani na mabuti mazito. Vizuri, lakini nunueni jioni, na msinunue kiatu kinachouziba mguu usisikie. Niseme kweli, nnaukumbuka sana ule udi unaopanda nami mtini asubuhi na mapema.

Zuwena keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Alipokuwa hai, siku moja nlikuwa nimekaa nakata kucha, nikaitazama miguu yangu, mizima, nikamwambia, "Bibi wee, umeniokolea miguu yangu."

Akanitazama kama anamtazama mjinga. "Miguu gani? Wenzio wote walipanda peku wala hawakufa. Mie nlikuwa nashona usende Kuwait."

Nlitaka kumjibu kwa mzaha, kama kawaida yetu. Nikalia mbele yake, mzee mzima. Akacheka, akanambia nimalize hizo kucha, kahawa inapoa.