Udi Chumbani kwa Bibi wa Kasri

Nikisikia harufu ya udi, hata harusini, kwanza natafuta mlango ulipo.

Kule ughaibuni, mjini Parramatta, Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kiairishi aliyezaliwa kwenye kasri. Babu zake waliwapokonya wenyeji kasri hilo. Yeye akiwa mtoto, wanakijiji wakalichoma, familia yake ikakimbia.

Ijumaa moja Mama akamfukizia chumba udi, heshima ya kwetu. Bibi alipoona moshi, akamkamata Mama mkono, kucha zikazama.

“Na nyinyi mmekuja kunitoa?”

Nikamtafsiria Mama, asiyejua Kiingereza.

“Mwambie sisi wapita njia tu, nyumba ni yake.”

Nikamwambia. Bibi hakuuachia mkono.

“Ndivyo babu zetu walivyowaambia wenye kasri.”

“Kasemaje?” Mama akaniuliza.

“Anasema asante.”