Balbu ya Mafuta ya Taa

Juzi, karibu na Soko la Toi, niliona ukuta wa shule umebandikwa picha za watoto kuhusu taa za stima, na harufu ya mafuta ya taa ikanirudia puani.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kawangware tulitumia koroboi ya mafuta ya taa. Niliamini kwamba mshindi wa mashindano ya kuchora stima shuleni angeletewa stima nyumbani, na mama angeshona nguo bila kukohoa kwa moshi. Kwa hiyo nilichora balbu, nikaidondoshea mafuta ya taa, maana karatasi yenye mafuta hupitisha mwanga.

Mgeni aliyekuja kumchagua mshindi aliishika kwa ncha za vidole viwili.

“Mwalimu, huyu ameniletea karatasi ya kufungia mandazi?”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka.

“Iinue dirishani, mzee,” nikamwambia. “Itawaka.”

Aliiachia ianguke. Akatoa leso yenye manukato mazito, akajifuta kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu aliyeshika uchafu wa chooni.

Niliiokota, nikaiinua dirishani mwenyewe. Iliwaka.

Mafuta ya taa hayajawahi kunichukiza. Lakini manukato yale nikikutana nayo, hata kanisani, mimi hutoka nje nikateme mate.