Kadi ya Gari Yenye Jina la Mjomba

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu: siku niliposimama mbele ya karani nikamwambia, "Jina langu futa. Andika la Mjomba." Hakuna aliyenishika mkono kunizuia. Natamani ningejikwaa pale mlangoni nikang'oka jino, nikashindwa kusema. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini kwa akili bado kijana. Nilinunua pikapu kuukuu kwa mwalimu mmoja aliyepata uhamisho wa kurudi kwao Mbeya. Tulipokwenda mjini kubadilisha umiliki kwenye kadi ya gari, nilimchukua Mjomba Likwata awe shahidi. Huyu ni kaka wa mama yangu, aliyeuza korosho zake ili mimi nisome sekondari. Nawe unajua kwetu mjomba ni nani. Hata ukitaka kuoa, yeye ndiye anayeulizwa kwanza. Basi pale kwenye foleni akanitania, "Mpwa akinunua gari, mwenyewe nani?" Watu wakageuka kunitazama. Nami, Mungu anisamehe, nilipenda kusifiwa. Nikafutisha jina. Foleni nzima ikasema mpwa wa namna hii hazaliwi tena.

Nilidhani karatasi ni karatasi tu. Mjomba hakudhani hivyo. Wiki ile ile akaandikisha LIKWATA kwa rangi nyekundu nyuma ya gari. Akawa anakaa kiti cha mbele, akinitambulisha kila kijiji mpaka Kitaya: "Huyu dereva wangu. Kijana mzuri, ila breki anachelewa." Siku tuliyokwenda Naliendele kuchukua miche ya mikorosho, mke wangu alipandishwa nyuma pamoja na beberu wa Mjomba. Tuliporudi akaniuliza taratibu, "Baba Zuhura, na yule beberu naye ana kadi?"

Nikaenda kwa karani nirudishiwe jina langu. Karani alicheka mpaka akavua miwani.

"Hapa hakuna kurudi nyuma, mzee wangu. Mwenye kadi akuuzie upya. Yeye muuzaji, wewe mnunuzi. Mje na picha na vitambulisho."

Yaani ninunue gari langu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Ningekaa naye barazani nikasema, Mjomba, siku ile nilijisifu, nimekosa. Niliona aibu. Nikamwambia Mjomba tunakwenda mjini akapimwe macho. Akavaa kanzu safi na kofia yake ya Ijumaa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye meza ya karani. Mjomba aliposogezewa mkataba, aliusoma kwa kidole, neno baada ya neno, bila miwani.

"Hapa pameandikwa nimekuuzia gari."

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi macho yangu hayana tatizo."

Karani aliinama kuokota kalamu ambayo haikuanguka. Mjomba akatia sahihi, kubwa na nzuri. "Ungeniomba, mpwa wangu," akasema, "ningekupa na beberu." Akatoka, akapanda bodaboda.

Hakulipanda tena gari lile. Salamu alijibu, chai kwangu alikunywa, lakini kila nilipomfungulia mlango wa mbele alisema miguu yake bado inamtosha. Alipofariki hospitali mjini, tukakuta ameagiza asirudishwe kijijini kwa gari langu. Alibebwa na lori la muhogo la jirani. Mimi nikafuata nyuma, kiti cha mbele kitupu. Lile jina lake jekundu sijalifuta mpaka leo.

Basi, mwanangu, usitoe kwa mdomo kitu ambacho mkono wako bado umekishika. Na ukikosea, usirekebishe kwa hila. Nenda ukaombe, hata kama unaona aibu. Karatasi hubadilishwa kwa asubuhi moja, lakini moyo wa mtu hauna karani. Mungu akupe ulimi mzito, na akupe wajomba wepesi wa kusamehe kuliko nilivyostahili mimi. Nilipata kadi yenye jina langu. Nikampoteza Mjomba.