Historia ya Wajojia kwa Kiarabu cha Dereva

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nikiwa nimesimama. Nilikuwa dereva wa familia moja mtaa wa Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh. Asubuhi watoto shuleni, kisha madam sokoni au kwa dada yake, kisha kuwarudisha watoto, kuosha magari mawili, na katikati ya hayo yote kungoja. Kungoja ndiko kulikonimaliza. Mtu akikueleza kwamba mwili unaweza kuchoka kwa kukaa tu, usimbishie.

Baba yake bosi aliishi chumba cha chini. Alikuwa amefundisha historia sekondari tangu ujana hadi kustaafu, kisha kiharusi kikampiga na kuulegeza upande wake wa kushoto. Akili na ulimi vilibaki sawa. Mguu ndio uliokataa. Waliletwa wataalamu watatu wa mazoezi ya viungo, na wote watatu aliwafukuza. Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Jojia, ile nchi ya milima iliyo kati ya Uturuki na Urusi. Kiarabu chake kilikuwa salamu na namba. Kiingereza alikijua vizuri.

"Wewe unajua Kiingereza," madam aliniambia. "Utakaa nao saa kumi."

Saa kumi alasiri ndiyo saa pekee niliyokuwa nikipata usingizi mchana. Nikasema, "Sawa, madam."

Siku ya kwanza Mzee hakutaka hata kuguswa. Alilala akitazama dari.

"Mwambie aende zake. Halas, basi."

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia mgeni kwamba Mzee amechoka. Akaniuliza huyu mgonjwa alifanya kazi gani zamani, nami nikamjibu kwamba alifundisha historia. Hapo Mzee akageuza kichwa.

"Ametoka nchi gani?"

"Jurjiya, baba."

"Al-Kurj!" akasema. Ndilo jina la Wajojia katika vitabu vya zamani vya Kiarabu. "Hao nimewafundisha miaka mingi, lakini pale tu walipopigana na sisi. Muulize wao wenyewe wanajielezaje."

Nilipomtafsiria, yule mwanamke akavuta kiti, akaukamata ule mguu mgonjwa kifundoni.

"Mwambie aunyanyue mara kumi, nami nitaanza mwanzo."

Mzee aliunyanyua mara nne. Mwanamke akaanza.

Alisema wao hawajiiti Wajojia, hilo ni jina walilopewa na watu wengine. Wao ni Wakartveli. Zamani sana walikuwa na nchi mbili. Ya magharibi, kando ya Bahari Nyeusi, iliitwa Kolkhi. Mito yake ilishuka na vumbi la dhahabu kutoka milimani, na watu walitandaza ngozi za kondoo majini ili manyoya yanase dhahabu. Wagiriki walisikia habari hizo wakatunga kisa cha ngozi ya dhahabu. Ya mashariki ilikuwa Iberia, na mji wake mkuu ulijengwa pale mito miwili inapokutana.

Kiarabu changu kilikuwa cha barabarani. Nilijua kulia, kushoto, petroli, ikama yaani kibali cha kuishi, mafi yaani hakuna, yalla yaani twende. Sasa nilitakiwa kusema manyoya ya kondoo. Nikasema "nguo ya kondoo," na Mzee akaelewa. Mara nyingi alinipa neno kabla sijakwama, kama mwalimu anavyomsaidia mwanafunzi ubaoni, na kesho yake alinisahihisha nikilikosea tena.

Tuliendelea hivyo kwa wiki kadhaa. Mguu kwanza, historia baadaye. Nilikuwa nikiingia mle chumbani macho yananiwasha, na nikitoka kichwa kinauma upande mmoja.

Siku moja alieleza kwamba watu wake ni miongoni mwa wa kwanza duniani kutengeneza mvinyo, na kwamba hadi leo wanauhifadhi katika mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini mpaka shingoni. Nikaingiwa na woga. Nitasemaje pombe mbele ya Mzee, ndani ya nyumba ile? Nikatafsiri kwamba ni juisi ya zabibu.

Mzee akanitazama kidogo. "Juisi haifukiwi ardhini," akasema, kisha akaniacha.

Ilipofika zamu ya dini yao, nilizidi kuogopa. Mimi ni Mkristo na hapo nyumbani walijua, ila hatukuwahi kulizungumza. Mtaalamu akasimulia habari za mwanamke mmoja mateka, mgeni asiye na ndugu, aliyeletwa Iberia. Alimwombea malkia akiwa mgonjwa sana, malkia akapona. Kisha mfalme akiwa mawindoni akashikwa na giza mchana, akamwita Mungu wa yule mateka, na giza likaondoka. Nchi nzima ikaufuata Ukristo. Msalaba wake, wanasema, ulikuwa vijiti viwili vya mzabibu vilivyofungwa kwa nywele zake.

Neno mateka sikuwa nalo kwa Kiarabu, na safari hii Mzee hakukisia ninalotafuta. Nikasema *shaghala*, yaani mtumishi wa nyumbani.

"Shaghala aliigeuza dini ya mfalme?"

"Ndiyo, baba."

Nje ya mlango, shaghala wa nyumba ile, aliyekuwa akipiga deki, alisimama, kisha akaendelea. Nilijua amesikia. Tangu siku hiyo alikuwa akisafisha korido ile saa kumi, hata ikiwa safi.

Halafu tukafika kwa Waarabu.

Mtaalamu alisimulia kwamba jeshi lao lilikuja, na miaka mingi baada ya lile la kwanza akaja kamanda mmoja mkali kuliko wote. Alichoma miji na makanisa. Watu walimlilia awaonee huruma, asisikie. Wajojia wakampa jina la Kiziwi, na watoto wa shule kwao bado wanamjua kwa jina hilo.

Alipomaliza, wote wawili walinigeukia. Nikahesabu hatari zangu: kafili wangu, yaani mdhamini wangu, ni mwana wa huyu mzee, ikama yangu iko mikononi mwake, na ninatakiwa kusema kwamba kamanda wa Waarabu alichoma makanisa.

"Anasema palikuwa na kamanda mmoja mwenye ugonjwa wa masikio."

Mzee alijiinua kwa kiwiko. "Dereva. Kamanda huyo nimemfundisha miaka thelathini. Alikuwa anasikia vizuri kabisa. Huyu mama amesema nini?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo wa pili. Uongo unataka mtu aliyelala vizuri. Nikamwambia yote, kwa Kiarabu changu kibovu: moto, makanisa, kilio, jina.

Mzee alitazama ukuta. Nikaanza kufikiri ni nguo zipi nitazibeba nikirudishwa kwetu.

"Mwambie," akasema mwishowe, "sisi tulimwita Punda."

"Baba?"

"Punda. Mwambie neno kwa neno. Kwa sababu hakuchoka vitani."

Nilitafsiri. Mwanamke akafunika mdomo kwa mkono, akacheka, na Mzee naye akacheka kwa upande mmoja wa uso, mabega yakitikisika. Tangu nimjue sikuwahi kumwona akicheka. Kisha wakaanza kubishana kwelikweli. Mzee alisema kabla ya Punda kulikuwa na hati ya amani ambayo Waarabu waliwaandikia watu wa Tiflis, mji mkubwa wa Wajojia, iliyowaachia dini yao. Mwanamke akakubali kwamba hati ilikuwepo, akauliza hati husaidia nini baada ya moto. Mzee akasema amiri wa Kiislamu alitawala mji ule mamia ya miaka, na biashara ikastawi. "Na hilo ni kweli," akajibu mwanamke, "na kodi pia zilistawi." Mimi nilikuwa katikati, nikitafsiri huku na huku. Siku hiyo hakuna mguu ulionyanyuliwa.

Nilichelewa kumchukua madam kwa dada yake. Alikuwa amesimama getini kwenye jua.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Mzee, madam. Alikuwa anaongea."

Alipanda garini, akaniangalia kupitia kioo cha ndani, akiwa tayari kunigombeza. "Anaongea? Muda wote huo?" Ugomvi ukaishia hapo.

Kufikia likizo ya shule, Mzee alikuwa anatembea kwa kushikilia fremu ya kutembelea. Akataka kuiona bahari, kwa hiyo niliwaendesha hadi Jeddah, yeye, mtaalamu na mizigo. Tuliondoka alfajiri. Walilala wote wawili, na mimi nikabaki na jangwa na malori, nikijipiga kofi shavuni kila baada ya kilomita chache. Huko, kwenye njia ya miguu kando ya bahari, Mzee aliiachia fremu akapiga hatua kumi na nne. Mwanamke alizihesabu kwa Kijojia. Binti wa Mzee anayeishi Jeddah akalia, akasema baba atabaki kwake, na nesi atampata hukohuko. Kazi ya mtaalamu ikawa imekwisha.

Nilimpeleka uwanja wa ndege. Njiani akaniuliza, "Na ninyi? Watu wako walitoka wapi?"

"Kaskazini," nikasema. "Walishuka na ng'ombe."

"Kisha?"

Nilifikiri taa mbili nzima za barabarani. "Kisha wakafika vilimani kwetu."

Alingoja nyongeza. Nilikuwa nimebeba mdomoni historia ya Wakartveli, wafalme na mito yao, na ya kwetu iliishia kwenye sentensi mbili. Alinishika bega nilipomshushia mizigo, akaingia ndani.

Nilikuwa na mapumziko hadi kesho. Nilienda mtaa wa Al-Hindawiyah, hukohuko Jeddah, kwenye chumba cha rafiki yangu mlinzi aliyekuwa kazini, nikajilaza kwenye godoro lake na kumpigia mama simu Kenya. Nikamuuliza, kabla ya vile vilima, tulikuwa wapi?

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nataka kujua tu."

Akaanza kusimulia. Palikuwa na mto, na ukame, na ndugu wawili waliogombana juu ya ndama. Sauti yake ilikuwa ya polepole, na feni ilikuwa ikizunguka juu yangu. Nilipoamka simu ilikuwa imekatika kitambo, na nilichokikumbuka ni ule mto, bila jina lake.

Wiki iliyofuata, nikiwa nimerudi Riyadh, nilimpigia tena. Alikuwa shambani, akaniambia nimpigie jioni. Jioni nilikuwa barabarani, na madam alikuwa kiti cha nyuma.