Faili Linaloanzia Kulia

Mama alipokataa daftari nililomnunulia, nilikasirika. Nilitaka aandike mapishi yake. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeitwa huku Msambweni kusimamia masufuria ya harusi, na sasa magoti hayamruhusu tena kukaa motoni. Kila kitu kimo kichwani mwake. Niliogopa kitapotea naye, na nilimwambia hivyo hivyo, bila kupamba.

"Daftari halina msamaha," akasema. "Ukikosea, kosa linakaa. Ukichana ukurasa, lote linalegea."

Nina duka la kutoa kopi na kuuza karatasi Ukunda, kwa hiyo hilo nililiona jepesi. Nikamletea faili dogo la pete, lile lenye vyuma vinavyofunguka, ukachomoa ukurasa au ukauhamisha upendavyo. Akazifungua na kuzifunga pete mara kadhaa, akaridhika. Wiki hiyo hiyo akaanza kuandika biriani, Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa utotoni chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Shule nyingine hakwenda.

Alipomaliza, akanikabidhi karatasi saba, zimeandikwa mbele na nyuma, zimepangana sawasawa. Nikaenda nazo dukani, nikaitia kila moja kwenye mfuko wa nailoni isije ikaingia mafuta, kisha nikazipachika kwenye faili kuanzia kushoto, kama ninavyopanga faili za wateja. Nikajiona hodari kwelikweli.

Asubuhi mama akalifungua upande wa kulia, anakoanzia yeye. Akasoma kidogo, akanitazama.

"Watu wameshakula na kunawa mikono, ndipo mimi naosha mchele?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nami nilidhani umesoma, mwanangu." Akalifunga faili, akalisukuma kando. "Siandiki tena. Namwandikia nani?"

Iliniuma, maana alisema kweli. Chuo nilikiacha mapema, nikashikilia shule, na herufi zile zikanitoka. Kurasa kumi na nne nilizipitisha mikononi bila kusoma hata neno moja. Na mimi huyu huyu, siku tulipokwenda ofisi ya serikali Kwale, nilimjazia fomu, na mahali pa elimu nikaandika "Hana", naye ameketi ubavuni pangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaketi mkekani karibu yake.

"Nisamehe, mama. Nifunze."

Akafungua pete, akazigeuza karatasi moja moja mpaka mwanzo ukawa mwanzo, akaweka kidole chini ya neno. Nikalivuta herufi kwa herufi, jasho linanitoka.

"Bi... li... bi... li."

"Hiyo bilibili inaliwa wapi?"

Nikarudia, ikatoka bilibili ile ile. Mama akaniambia kuwa katika maandishi yake herufi moja inabeba sauti mbili, na msomaji lazima ajue kilichomo chunguni. Nikalitazama tena lile neno. Nikafikiria vitunguu, nyanya, nyama, mkono wake ukitia kitu mwisho mwisho.

"Pilipili!"

Nilipiga kelele utadhani nimeokota dhahabu. Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso.

"Lete karatasi," akasema. "Nimepata wa kumwandikia."