Ruta Kabatini kwa Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia milimani juu ya mji mdogo wa Kisiwani, mtandao wa nyumbani ulikuwa mimi. Baba akitaka taarifa ya habari, nilisimama kwenye kichuguu nyuma ya jiko nimeshika waya wa redio, mkono juu, naye ndani anapiga kelele: "Hapo hapo! Usitikisike!" Redio yenyewe ilikaa kabatini, imefunikwa kitambaa cha mama cha kufuma, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Likisomwa tangazo la msiba wa ndugu, siku hiyo hiyo wakubwa wanashuka mlima kwa miguu. Leo kijana akikosa mtandao dakika mbili ananuna kama kanyimwa chakula.

Krismasi ndiyo usiseme. Basi liliwashusha watu Kisiwani, na kuanzia hapo ni miguu, mizigo kichwani, tope hadi magotini. Tuliwapokea njiani, shikamoo mfululizo. Makande yalichemka kutwa, moshi unatuwasha macho, na tulilala watoto sita godoro moja tukipigana mateke.

Baba alishafariki. Mama yuko peke yake katika nyumba ile ile, na kwa miaka mitatu wadogo zangu walioko Dar hawakupanda mlima. Sababu? "Kaka, watoto hawawezi kukaa wiki nzima bila mtandao." Nilimeza hasira. Mwaka jana nikatangulia wiki mbili kabla ya Krismasi, nikafunga ruta ya mtandao sebuleni kwa mama. Kesho yake nikapima spidi: mbili. Nikapima tena: moja na nusu. Kumbe mama kaitia kabatini, kaifunika kitambaa na kufunga kwa ufunguo.

"Kitu cha thamani hakiachwi wazi, mwanangu," alisema.

Nilicheka mpaka machozi. Tukaitoa, nikaizungusha nyumba nzima nikipima chumba kwa chumba, mama nyuma yangu kashika waya. Tulipoiweka dirishani, karibu na kiti chake, namba ikaruka hadi arobaini.

"Sasa watakuja?"

Nikamwambia watakuja. Nikampigia mdogo wangu Neema kwa video ajionee mwenyewe.

"Loo, Kaka, picha haigandi hata kidogo!" alisema. "Basi mwaka huu tutamsalimia Mama hapa hapa kwenye simu. Safari yote hiyo ya nini tena?"

Sababu ya kutokuja nilikuwa nimewapa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, chumba kwa chumba.

Siku ya Krismasi mama alitoka kanisani, akakaa dirishani amevaa gauni lake jipya. Wajukuu wakabanana kwenye kioo cha simu. "Shikamoo Bibi!" "Marahaba, wajukuu zangu. Mmekula?" Baada ya dakika sita wakaaga. Jikoni sufuria ya makande ya watu kumi na wawili ilikuwa inapoa, kwa sababu mama hakutaka kuamini mpaka mwisho kwamba hawaji.

Enzi zetu ndugu alifika amechoka, ananuka jasho, nawe ukampokea mzigo na kumwekea maji ya kuoga. Siku hizi anafika papo hapo, anang'aa, na huwezi hata kumpakulia chakula. Nasema hivi kwa uchungu, wala sijifichi.

Mama alinirudishia simu, akaitazama ruta.

"Mwakani kizime hicho kidude, mwanangu," alisema. "Huenda wakaja."