Kifaa cha Tatu

Mkuu wa shule alinisomea ujumbe wangu neno kwa neno, na simu yangu ilikuwa mfukoni mwangu.

"'Mkuu amegeuza maabara kuwa ghala la mahindi yake,'" alisema huku akitabasamu. "Ambokile, mahindi yangu yanakukera?"

Ujumbe ule nilimwandikia mtu mmoja tu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Natoka Rungwe, na huu ni mwaka wangu wa nne Tarime. Wenzangu wakianza kupiga soga kwa Kikurya kwenye ofisi ya walimu, mimi hufungua simu.

Ndani ya simu alikuwemo Pudensiana, muuguzi wa Mugumu, mgeni huku kama mimi. Tulipanga Juni niende kwao Bukoba kujitambulisha.

Nilipowasimulia wenzangu jinsi mkuu alivyonisomea ujumbe, Machage alikuwa na jibu tayari.

"Serikali hiyo, kaka. Wanasoma zote. Hata chai hii wanajua ina vijiko vingapi vya sukari."

Wakacheka. Nikawaeleza: ujumbe unafungwa kwenye simu ya anayeandika, unafunguliwa kwenye simu ya anayepokea. Njiani hausomeki, hata na kampuni ya WhatsApp yenyewe.

"Basi kama si serikali," Machage akasema, "ni shemeji."

Alikuwa anatania. Mimi nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Simu mbili. Yangu siiachi popote. Inabaki moja.

Nikampigia.

"Mkuu amenisomea ujumbe wangu wa mahindi. Ulimwonyesha nani?"

"Sijamwonyesha mtu, Ambo. Huyo mkuu wako simjui hata sura."

"Sasa ujumbe umemfikiaje?"

"Labda tunafuatiliwa."

"Kitaalamu haiwezekani."



"Kwa hiyo ni mimi."

"Ushahidi ndio unasema hivyo."

"Haya, mwalimu."

Siku zote alikuwa ananiita Ambo.

Bukoba sikwenda. WhatsApp niliibakiza kwa matangazo ya shule tu. Kwa mambo yangu nikapakua programu nyingine, ambayo wataalamu wanaisifia kwa usiri. Ujumbe unajifuta wenyewe. Kati ya watu wote niliowahifadhi, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo.

Miezi mitatu haikulia hata mara moja.

Septemba nikaenda Nyamisangura kuchapa barua ya kuomba uhamisho. Kuna steshenari pale, jina la mwenyewe limeandikwa mlangoni: Everlyne. Wateja humtumia kazi zao kwenye namba yake. Mimi sikutaka namba yangu ikae kwa mtu nisiyemjua, kwa hiyo mwezi wa tatu nilikuwa nimefungua WhatsApp yangu kwenye kompyuta yake, nikachapa mtihani, nikaondoka.

Kompyuta ya pembeni ilikuwa inawaka. Kwenye kona ya kioo chake niliona picha yangu ya WhatsApp.

"Everlyne, hii ni nini?"

"Si ya kwako, mwalimu? Hujawahi kuitoa."

"Mkuu wangu huwa anachapa hapa?"

Akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Kuna siku alikaa kwenye hicho kiti kusubiri nakala zake. Nikamwona anasoma, anacheka peke yake."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe ukija unalipa, unaondoka. Hata jina langu leo ndiyo mara ya kwanza unalitaja."

"Na wewe ulisoma?"

"Kidogo." Akainua macho. "Yule dada wa Mugumu, mbona haandiki siku hizi? Alikuwa anakupenda yule."

Tarime nzima, yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba nimebaki bila mtu wa kuniandikia.

Nilikiondoa kile kifaa kwenye akaunti yangu papo hapo. Kisha nikamwandikia Pudensiana yote: tarehe, kompyuta, kiti, na neno ambalo sikuwa nimewahi kumwandikia, samahani.

Tiki moja: haukumfikia.

Nimempigia, haiiti. Mpaka leo ninapoandika haya ni tiki moja, na barua ya uhamisho bado iko mezani kwangu.

Niliyowaeleza wenzangu kuhusu ujumbe kufungwa yalikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Nilikosea kuhesabu. Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujamwita mtu msaliti, ingia kwenye mipangilio, gusa "vifaa vilivyounganishwa", uhesabu.

Mimi nahesabu kila Jumapili.

Kipo kimoja tu, simu yangu. Hakuna anayenisoma.